Kwa Nini Msee wa Stato Hakuja Kumzika Mathe: Ukweli Kuhusu Miaka 10 na Msamaha wa Dhiki

Hii video umeiona mara ngapi? Ni Jumamosi, ushago, saa tano asubuhi. Jeneza liko kwa hema, kwaya inaimba, na binamu mmoja ameinua simu juu akirusha kila kitu laivu. Upande ule mwingine wa simu kuna msee ako Dallas. Kwao ni saa tisa usiku. Amekaa kwa kitanda na jaketi nyeusi, analia pekee yake. Yeye ndiye amelipa jeneza, hema, gari la maiti na nusu ya ng'ombe. Lakini hayuko.

Nyuma ya hema auntie mmoja anamnong'onezea mwenzake: "Huyu kijana majuu yalimroga. Hata mamake mzazi?"

Wacha tuseme ukweli wenye familia nyingi haziongei. Mara nyingi huyo msee hajakataa kuja. Amekatazwa na hesabu. Akipanda ndege leo kumzika mathe, sheria ya Marekani inaweza kumfungia mlango miaka 10, na huko ameacha bibi na watoto wawili. Inabidi achague, kaburi ama keja.

Kuna mlango mdogo wa kupitia. Mawakili wanauita msamaha wa dhiki. Wasee wengi wameuskia kanisani ama kwa WhatsApp ya familia, na wameambiwa "ni fomu tu, jaza." Si fomu tu. Na kitu kinachoangusha wengi si ukosefu wa doo. Ni kutoelewa dhiki ya nani ndiyo inahesabika, na kutafuta wakili kama ndege ishapaa.

Mtego uko kwa neno "kutoka"

Kwanza, hii sheria si ya Trump. Kongresi iliipitisha 1996, enzi za Bill Clinton, na siku zikaanza kuhesabiwa Aprili 1, 1997. Iko hivi. Ukikaa Marekani bila ruhusa zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka mmoja, kisha utoke, umefungiwa miaka 3. Ukikaa mwaka mmoja ama zaidi, kisha utoke, umefungiwa miaka 10.

Soma tena hilo neno "utoke". Hii adhabu haikupati ukiwa umekaa, inakupata ukiondoka. Unaweza kuwa umeishi Minneapolis miaka 12 bila karatasi, unalipa ushuru, unalea wazee wa watu zamu ya usiku, na adhabu imelala tu hapo. Siku ndege inapaa ndiyo inaamka.

Kuna vighairi. Siku zenye ulikaa kabla ufike miaka 18 hazihesabiwi. Na kama uliingia kama mwanafunzi na rekodi yako ya kuingia imeandikwa D/S, kwa kawaida siku hazianzi kuhesabiwa mpaka ofisi ya uhamiaji ama hakimu aamue rasmi kwamba umevunja masharti. Lakini usikalie hiyo sana, ju Agosti 2025 serikali ya Trump ilipendekeza kuiondoa hiyo D/S kabisa.

Sasa utajiuliza, kama kutoka ni mtego, si mtu akae tu? Shida ni kwamba kuna watu ambao njia yao pekee ya kupata grini kadi ni kurudi nyumbani wafanyiwe intaviu kwa ubalozi. Kwa Mkenya hiyo ni Gigiri. Kwa hivyo sheria inamwambia toka ndio upate karatasi, halafu akitoka inamwambia pole, rudi baada ya miaka 10.

Msamaha wa dhiki ndio hufungua hilo fundo. Zamani ilibidi utoke kwanza, ukataliwe Gigiri, halafu ujaze fomu I-601 ukiwa huku Kenya na uombe Mungu. Kuanzia Machi 2013, enzi za Obama, ikaja fomu I-601A. Hiyo inakuruhusu kuomba msamaha ukiwa bado huko Marekani na familia yako, upate jibu, kisha ndio usafiri kwa intaviu. Mwanzoni ilikuwa ya familia za raia pekee. Agosti 2016 ikapanuliwa, hata wenye bibi, bwana ama mzazi mwenye grini kadi wakaingia.

Usiombe msamaha wenye hauhitaji

Hapa ndipo watu wanajichoma. Wakenya wengi walioko Stato waliingia na ndege, viza kwa pasipoti, wakapita kwa afisa wa uhamiaji vizuri. Viza ikaisha, wakabaki. Kama wewe ni mmoja wao na umeoa ama kuolewa na raia wa Marekani, ndoa ya ukweli, mara nyingi unaweza kuombea grini kadi huko huko ndani. Hutoki. Na kama hutoki, ile miaka 10 haiamki, na msamaha hauna kazi.

Sasa fikiria msee kama huyo anaambiwa na mtu wa kujaza fomu, "Rudi Nairobi ufanyiwe intaviu, ni haraka." Anauza gari, anakata tiketi, anatua JKIA. Hapo amejitengenezea shida ya miaka 10 ambayo asubuhi hiyo hakuwa nayo.

Nani basi huhitaji msamaha? Kuna aliyepitisha muda wa viza lakini bibi ama bwana ana grini kadi, bado hajakuwa raia. Kuna aliyevuka mpaka wa Mexico kwa miguu bila kupita kwa afisa, na siku hizi kuna Wakenya wamepitia huko. Na kuna yule ashatoka tayari, ako Kayole ama Eldoret, bibi ako Seattle. Huyo wa mwisho fomu yake ni I-601, si I-601A.

Kwa yule wa kwanza, wakati mwingine dawa si msamaha. Ni bibi kumaliza ile miaka yake, kwa kawaida 5 tangu apate grini kadi, aombe uraia na aapishwe. Akishakuwa raia, bwana aliyeingia na viza anaweza kupata njia ya ndani na hiyo fomu ikakosa maana. Swali kama hilo wakili mzuri analiuliza dakika ya kwanza. Mkora hawezi kuliuliza, ju yeye anauza fomu.

Dhiki ya nani?

Sasa tufike kwa roho ya mambo. Ukiambiwa "msamaha wa dhiki", akili inaenda kwa dhiki yako. Umeteseka. Umelala kwa sofa ya watu. Umezika wazazi kwa simu. Ukirudi Kenya huna job, huna keja, na kila mtu anadhani una ganji.

Sheria inakuskiza, halafu inaandika sufuri.

Yule anayehesabika ni mtu mmoja tu: mume, mke ama mzazi wako ambaye ni raia wa Marekani ama ana grini kadi. Lazima uonyeshe kwamba yeye atapata dhiki iliyopitiliza ukikataliwa. Wewe mwenyewe haumo. Ndugu yako haumo. Na hii ndiyo huumiza watu zaidi: watoto hawamo. Hata mtoto aliyezaliwa Boston, raia kamili, haingii kwa hiyo orodha.

Chukua mama aliyekaa Marekani miaka 8 bila karatasi akarudi Nyeri kumuuguza babake. Mtoto wake, raia, sasa ana miaka 21 na kisheria anaweza kumuombea grini kadi. Familia inashangilia. Lakini kama huyo mama hana mume wala mzazi mwenye karatasi za Marekani, hakuna mtu wa kumsimamia kwa msamaha wa ile miaka 10. Atakaa Nyeri mpaka iishe. Hakuna wakili wa kupindua hiyo, na anayesema anaweza anakulisha matango pori.

Mtoto anaingia kwa mlango wa nyuma tu. Tuseme kijana wenu ana otizimu na wewe ndiye unampeleka kwa mtaalamu ju bibi yako anafanya kazi mchana. Ukitolewa, mzigo wote unamwangukia bibi. Hapo hausemi "mtoto ataumia." Unasema, na unaonyesha kwa karatasi, "bibi yangu atavunjika, na hivi ndivyo venye atavunjika." Ni jambo lile lile limeelezwa kutoka kwa kiti cha mtu anayehesabika. Kesi nyingi hufia hapo, si kwa sababu dhiki haikuwepo, ni kwa sababu iliandikwa kwa jina la mtu asiyehesabika.

"Nitammiss" haitoshi

Sheria inataka dhiki *iliyopitiliza*. Upweke, mapato kupungua, mapenzi ya mbali, hayo maafisa wanayaona ni ya kawaida, ju kila familia ikitenganishwa hupitia hapo. Uamuzi wa bodi ya rufaa za uhamiaji wa 1999, kesi ya Cervantes-Gonzalez, uliorodhesha mambo ya kuangaliwa: huyo mwenye karatasi ana watu wangapi Marekani na wangapi nje, nchi ya kuhamia ikoje, kuondoka kutamgharimu nini, na afya yake iko aje, hasa kama matibabu anayohitaji hayapatikani kule. Yote yanajumlishwa. Jambo moja likiwa dogo, kumi pamoja yanaweza kubeba.

Wakili mzuri hujibu maswali mawili. La kwanza, wewe ukija Kenya na bibi abaki, atakuwaje? La pili, bibi akikufuata Kenya, atakuwaje? Tuseme ana figo mbaya, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na bima yake imefungwa kwa kazi yake. Akikufuata, anapoteza kazi na bima kwa siku moja. Ama ana mtoto na bwana wa kwanza, na korti iliamua mtoto asitolewe jimbo lile. Akikufuata, anamwacha mtoto. Hizo ni dhiki zenye afisa anaweza kushika kwa mkono, ju kuna barua ya daktari, kuna sera ya bima, kuna amri ya korti.

Halafu kuna hii sehemu chungu kwa Mkenya. Ili ushinde swali la pili, lazima uandike venye Kenya itamlemea bibi yako. Gharama ya hospitali. Kazi hakuna. Usalama wa kwenu. Ushauri wa usafiri wa serikali ya Marekani unaangaliwa, na kwa miaka umekuwa ukionya kuhusu sehemu za mpaka wa Somalia. Kwa hivyo msee wa Mandera na msee wa Kisumu hawana kesi sawa, hata kama bibi zao wanaumwa ugonjwa mmoja.

Wengine wanaskia ni kama kuuza nchi. Enyewe inauma. Lakini haujaambiwa utukane Kenya, umeambiwa useme ukweli wa familia yako kwa undani. Ukiandika tu "Kenya ni hatari", afisa anayejua Nairobi ina hospitali kubwa na maofisi ya UN atakupuuza. Ukiandika "kliniki ya karibu na kwetu haina mashine ya kusafisha damu, hii hapa barua yao", amebaki na kitu cha kusoma.

Na hata ukithibitisha dhiki, bado afisa ana hiari ya kupima mema na mabaya yako. Rekodi ya polisi, ushuru, ukweli wako, vyote vinaingia kwa mizani.

Karatasi za River Road hukumbuka

Kuna wasee waliomoka kwenda Stato kwa steti ya benki ya River Road. Wengine waliandika hawajaoa, na bibi ako ushago na watoto. Walidhani hiyo ilizikwa siku viza ilitoka. Haikuzikwa. Uongo wa kupata viza ni kosa lake lenyewe, na adhabu yake si miaka 10, ni maisha.

Sasa angalia venye inalipuka. I-601A inasamehe kitu kimoja pekee: zile siku za kukaa bila ruhusa. Umeipata, umesherehekea, umekuja Gigiri. Afisa anafungua faili ya miaka 15 iliyopita, anaona ile barua ya kazi ilikuwa feki. Hapo hapo ule msamaha wa kwanza unafutika wenyewe. Uko Nairobi na sanduku moja, bibi ako Baltimore, na unaanza upya na I-601 ukiwa nje. Hiyo inaweza kusamehe uongo, lakini bado unahitaji mume, mke ama mzazi mwenye karatasi, na bado unathibitisha dhiki.

Kuna mengine hayana hata msamaha. Ukipatikana ulifanya ndoa ya makaratasi, ile ya kulipa mtu doo muoane, maombi mengine ya aina hiyo yanafungwa milele, hata kama baadaye uliingia kwa ndoa ya ukweli. Kujifanya raia wa Marekani, hata kwa fomu ya kazi, ni shimo lingine lisilo na ngazi. Na aliyekaa jumla ya zaidi ya mwaka bila ruhusa, akatoka, kisha akarudi kwa kuruka mpaka, I-601A haimsaidii. Lazima akae nje miaka 10 kwanza ndio hata aombe ruhusa ya kuomba.

Ndio maana kabla ya fomu yoyote, mawakili wengi huagiza faili yako kutoka kwa serikali. Ni haki yako, na kuomba rekodi zako kwa USCIS hakuna ada. Bora ujue wanajua nini kuhusu wewe ukiwa bado uko kwa keja yako.

Wakili ama mkora?

Kwa hizi kesi kuna watu wa aina mbili tu wanaoruhusiwa kukuwakilisha na kukupa ushauri wa kisheria: wakili mwenye leseni ya jimbo lolote Marekani, ama mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani akifanya kazi na shirika lililotambuliwa. Sheria ya uhamiaji ni ya shirikisho, kwa hivyo wakili wa Texas anaweza kusimamia kesi ya mtu wa Ohio. Pasta haumo. Mtu wa kujaza ushuru haumo. Ajenti wa tiketi pale Moi Avenue haumo. Wakili wa Kenya anaweza kukusaidia sana na hati za huku, viapo na amri za korti, lakini leseni yake ya huku haimpi ruhusa ya kusimamia kesi yako kule.

Venye unacheki:

Muulize leseni yake ni ya jimbo gani, kisha uitafute mwenyewe kwa tovuti ya chama cha mawakili cha jimbo hilo. Inachukua dakika mbili, na utaona kama ashawahi kuadhibiwa.

Muulize kama atasaini fomu G-28. Hiyo ndiyo inaambia serikali "mimi ndiye wakili wa huyu." Anayekataa kuweka jina lake kwa kesi yako lakini anataka doo yako, mkimbie.

Dai mkataba wa maandishi, risiti, na kopi ya kila karatasi inayotumwa. Usisaini fomu yenye haijajazwa.

Muulize: "Mtu wa kuhesabika kwa kesi yangu ni nani?" Akijibu "watoto wako" kwa ile miaka 10, umejua hajui. Muulize pia, "Je, ninahitaji kutoka kabisa?"

Na akikuambia "hii ni asilimia mia, inapita," amka uende. Hakuna wakili wa kweli anayeahidi uamuzi wa afisa.

Huna ganji ya wakili? Wizara ya Sheria ya Marekani huweka kwa tovuti yake orodha ya wanaosaidia bure na ya mashirika yaliyoidhinishwa. Catholic Charities wana ofisi za uhamiaji kwa miji mingi, na si lazima uwe Mkatoliki. Chama cha mawakili wa uhamiaji, AILA, kina huduma ya kukutafutia wakili.

Doo na subira

Kwa ada zilizoanza Aprili 2024, I-601A ni dola 795, kama laki moja hivi ya Kenya. I-601 ni dola 1,050. Ongeza ombi la familia, fomu I-130, dola 675 kwa karatasi ama 625 kwa mtandao. Ongeza dola 325 za viza, 120 za kukagua hati ya udhamini, na 235 za kutengenezewa kadi. Kwa njia ya I-601A, jumla inapita dola 2,000, na hiyo ni kabla ya daktari, tiketi na wakili, ambaye peke yake kwa kawaida anakula maelfu ya dola. Cheki tovuti ya USCIS kabla ulipe, ada hubadilika.

Halafu kuna kungoja. Kwa miaka ya karibuni, I-601A imekuwa ikichukua hata miaka mitatu na zaidi. Na hapo kwa foleni hauna kinga yoyote. Ombi likiwa linangoja, ama hata likikubaliwa, halikupi ruhusa ya kazi wala halizuii kurudishwa kwenu. Likikataliwa, hakuna rufaa. Unaweza tu kuomba tena. Na tangu Februari 2025, sera ya USCIS ni kwamba mtu asiye na karatasi akikataliwa ombi anaweza kupewa ilani ya kufika kwa korti ya uhamiaji. Zamani kujaribu na kushindwa kulikugharimu ada. Siku hizi kunaweza kukugharimu zaidi, na hiyo ndiyo sababu "wacha tujaribu tu" si mpango tena.

Njia fupi ilijaribiwa. 2024 serikali ya Biden ilianzisha mpango wa kuruhusu mabwana na mabibi wa raia waliovuka mpaka kupata karatasi bila kutoka. Ulifunguliwa Agosti, na kufikia Novemba 7 hakimu wa Texas alikuwa ameufuta. Waliobaki wamerudi kwa foleni ile ile ya I-601A.

Na wasee wa Eastleigh wenye familia ya pasipoti ya Somalia, kumbukeni kuna ukuta mwingine. Tangu Juni 2025 Somalia iko kwa orodha ya marufuku ya kusafiri ya Trump. Hiyo ina masharti yake, na msamaha wa dhiki peke yake hauibomoi. Ongeeni na wakili kuhusu vyote viwili.

Kenye familia ya huku inaweza fanya

Tumezoea kwamba msaada huenda upande mmoja. 2024 diaspora ilituma Kenya zaidi ya dola bilioni 4.9, na nusu hivi ilitoka Marekani. Hapa kuna kitu wanaweza kutumiwa kutoka huku bila M-Pesa.

Ni karatasi. Cheti cha ndoa, kwanza. Kama mlioana kimila tu, sheria ya ndoa ya 2014 inaitambua na unaweza kuisajili, lakini isiposajiliwa afisa hana kitu cha kushika. Kama kuna bibi wa kwanza ushago, semeni mapema, ju uhamiaji wa Marekani hautambui ndoa ya wake wengi. Kisha barua za hospitali kuhusu huduma na bei. Taarifa za kiapo za watu wa nyumbani kuhusu hali halisi: nyumba iko aje, nani anamtegemea nani, kazi ziko ama haziko. Cheti cha tabia njema kutoka DCI. Hati ya kifo cha mathe.

Na musimpambe mtu. Taarifa ya mjomba anayesema "kwetu hakuna maji wala barabara" wakati picha za Facebook zinaonyesha nyumba ya vigae na Prado imesimama mlangoni, hiyo inazamisha kesi nzima.

Rudi kwa lile hema

Ukiitazama vizuri hii sheria, ilikusudiwa kufanya watu waogope kukaa bila karatasi. Kenye imefanya ni kufanya watu waogope kutoka. Msee ambaye angekuja kuzika, akae wiki mbili, arudi kulea watoto wake, amefungwa ndani na kufuli iliyotengenezwa kumfukuza. Na msamaha unaofungua hiyo kufuli umempa ufunguo mtu mwingine: bibi yake, bwana yake ama mzazi wake, kulingana na venye wao watateseka.

Kwa hivyo kama una mtu huko, usimpigie simu kumwambia "rudi tu, Mungu atafungua njia." Muulize maswali matatu. Uliingia aje? Bibi yako ana karatasi gani? Ushaongea na wakili mwenye leseni? Na kama ombi lake la grini kadi tayari liko ndani ya Marekani, muulize kama wakili ameangalia ruhusa maalum ya kusafiri, hata ya dharura. Uamuzi wa bodi ya rufaa wa 2012, kesi ya Arrabally, ulisema anayetoka na ruhusa hiyo haamshi ile miaka 10. Kurudi kwake bado hakuna uhakika, ndio maana wakili anasoma faili kwanza. Lakini kuna watu wamekosa matanga na mlango huo ulikuwa wazi, hakuna aliyewaambia.

Na wewe auntie wa nyuma ya hema, kabla ya kusema majuu yalimroga, angalia hiyo simu binamu ameishika. Huyo kijana amekaa macho usiku mzima. Anajua wimbo gani unafuata. Ashalipa wanaoshusha jeneza. Kitu kimoja tu hakuweza kulipa, nacho ni miaka 10 ya watoto wake.